Mbu wa Nyumba Zenye Taa

11 Februari

Mdogo wangu Fyuzi,

Huku tupo. Mama yupo, kifua chake nacho kipo, na paa la jikoni ulilosema utalirekebisha lipo vilevile ulivyoliacha. Anakusalimu na anauliza kama huko mjini injinia hulishwa au huchajiwa tu ukutani. Nimemwambia nitakuuliza.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao hapa ni wa kubahatisha, na kuchaji simu ni mpaka nishuke upande wa chini, niiache dukani kwa watu. Breki, dereva wetu wa mradi, huja mjini kila baada ya wiki moja au mbili kupeleka sampuli za damu, basi barua zitasafiri naye. Usimhimize. Hakuitwa Breki bure.

Mitego yako ya mbu tumeitundika yote. Nusu iko nyumba za chini, zilizopata umeme mwaka jana, na nusu huku juu kwetu, tunakoishi bado kwa vibatari. Mmoja uko chumbani kwa Mama. Anasema hajalala na kitu kinachovuma hivyo tangu Baba alipotutoka. Kila mbu akipita mdomoni mwa mtego mashine inafanya tik, na Mama amegeuka mwangalizi: asubuhi ananipa taarifa kwamba jana zilikuwa tik chache, mbu wamegoma.

Kazi inakwenda. Zamani kila asubuhi tulishusha mifuko ya wavu, tukamwaga mbu mezani na kuwahesabu kwa kibano mpaka shingo zinakakamaa. Sasa mashine inahesabu yenyewe, na wale kina dada wawili waliokuwa wahesabuji mradi umeshawaaga. Mifuko bado inaning'inia chini ya mitego, lakini kwa mazoea tu. Sisimizi wanateremka na kamba na kula kilichomo.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba zenye umeme zinaonyesha mbu wengi kuliko nyumba za giza, tena si kwa tofauti ndogo. Na wanazidi jioni, watu wakiwa bado hawajaingia kwenye vyandarua. Nilidhani ni bahati ya siku mbili tatu, lakini imekuwa hivyo tangu tuanze. Profesa, mkuu wa mradi wetu, amenipigia mara mbili. Huyu ni mtu ambaye mwaka jana alikuwa ananiita "wewe wa mbu".

Nambie kama unaiamini mashine yako. Nauliza kama dada, si kama mradi.

Dada yako

*

6 Machi

Dada,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama. Mwambie tunalishwa. Chakula cha kantini yetu kingefaa kuzibia nyufa za ukuta, lakini kinashuka. Paa la jikoni nalikumbuka. Mwambie pia aache kubonyeza ile swichi kila jioni. Nilipofunga nyaya za nyumba kusubiri laini nilimweleza kwamba umeme hauji kwa kuitwa, na swichi nayo huchoka.

Barua yako ilikaa kwenye gari la Breki hadi ikanuka dizeli. Nimeisoma mara mbili.

Mashine naiamini. Tuliijaribu hapa karakana, tukaijaribu uwanjani nyuma ya bweni ambako mbu wetu hawana haya, na hesabu yake ilikaribiana na ya mkono. Mbu akipita, mabawa yake yanaukatakata mwanga mdogo uliomo ndani ya mtego, na mashine inasoma ule mtetemo. Mtetemo wa mbu haufanani na wa nzi wala wa nondo. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na inaijua. Mkuu wa karakana amefurahi. Anasema matokeo yenu yakitangazwa tutaagizwa mitego mingi zaidi, na mimi nitaondolewa kwenye mkataba wa vibarua niajiriwe moja kwa moja. Amekuwa ananiletea chai. Sijazoea.

Swali dogo. Nyumba hizo za chini zinatumia balbu za aina gani? Hakuna tatizo. Nataka tu kujua. Ukiweza mpe Breki moja aniletee, ile inayonunuliwa na watu wote.

Pole na shingo.

Fyuzi

*

29 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa mgonjwa wako wa kifua, ambaye anasema swichi ni yake na ataibonyeza. Ile balbu aliyonunua mwaka jana bado ipo kwenye holda yake, haijawahi kuwaka hata siku moja, na kila wiki anapanda kwenye kigoda kuipangusa vumbi. Nimemkataza kigoda. Anapanda nikitoka.

Balbu uliyoomba anayo Breki, imefungwa ndani ya soksi. Zote ni za namna hiyo, zinauzwa dukani pale ninapochajia simu. Mwenye duka anasema zinadumu miezi mitatu ukiziombea. Sijui unaitakia nini.

Matokeo yetu yamesomwa kwenye kikao cha ofisi ya afya. Nilikuwepo. Profesa alisimama na picha zake ukutani, mistari miwili, wa nyumba za taa juu na wa nyumba za giza chini. Mganga mkuu akauliza kama taa ndizo zinazoita mbu. Profesa akasema inaelekea hivyo. Hapo bwana mmoja wa ofisi ya umeme, mwenye tumbo la mikutano, akafunga kalamu yake na kusema kwamba kama ni hivyo wao hawatabeba lawama ya homa za watu, laini ya upande wa juu isimame kwanza mpaka utafiti ukamilike. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa karibu saa ya chakula.

Laini ya upande wa juu ni hii yetu. Ndiyo inayopita zahanati na kuishia kwa Mama. Nguzo zimelazwa kando ya barabara tangu Desemba, watoto wanazikalia.

Mimi sikupendekeza laini isimame. Kwenye taarifa niliandika uchunguzi zaidi unahitajika, kama tunavyoandika siku zote. Lakini nilikuwa pale na sikunyoosha mkono.

Yule bwana alinieleza nje kwamba mwaka wao wa bajeti unaisha mwishoni mwa Juni. Kufikia hapo kama uamuzi haujabadilika, nguzo zitapelekwa kata nyingine ambako hakuna utafiti. Alilisema hilo kwa upole kabisa.

Mama hajui kwamba limetoka kwangu. Anajua tu kwamba kuna wasomi wameketi ofisini wakaamua. Jana alikuwa anawaombea wakose usingizi, nami nilikuwa namshikia kibatari.

Niandikie upesi, au mpe Breki maneno.

Dada yako

*

17 Mei

Dada,

Nisamehe kwa ukimya. Nilipata mafua ya wiki nzima, halafu mkuu wa karakana akasafiri akaniachia kazi zake na zangu, halafu jenereta ya bweni ikafa na kila mtu hapa anadhani kusomea umeme ni kusomea jenereta. Haya yote ni kweli. Hayajazi wiki saba, najua.

Balbu ilifika salama. Asante. Soksi nitakurudishia.

Kifua cha Mama kinaendeleaje? Ile dawa ya kuvuta niliyotuma ilifika? Hapa nilipo kuna mashine ya kumvutisha dawa kwa mvuke, imetupwa kwa sababu ilikatika waya tu. Nimeitengeneza. Inahitaji umeme.

Ajira yangu itajulikana mwezi ujao. Mkuu ameniomba nisiandike chochote kuhusu mitego mpaka wakati huo. Chochote kizuri au kibaya, alisema, kwa hiyo usinielewe vibaya.

Nina swali moja tu. Wale sisimizi uliowataja Februari. Wanaingia mifuko ya nyumba zote, au ya nyumba za chini peke yake?

Fyuzi

*

26 Mei

Fyuzi,

Mama hajambo kiasi. Dawa ya kuvuta ilifika, imeisha. Huku mvua imekatika na moshi wa kibatari sasa hauna pa kwenda kwa sababu tunafunga madirisha kuzuia vumbi.

Juzi nilipita zahanati kuchukua takwimu za homa. Nesi alikuwa nje anamwaga chupa za chanjo kwenye ndoo, moja moja, kama mtu anayepepeta mchele. Zahanati haina friji inayowaka, chanjo zinakaa ndani ya kisanduku cha baridi na barafu inayoletwa kwa pikipiki. Pikipiki iliharibika njiani na barafu ikawa maji. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, akawaambia warudi wiki ijayo. Wengine wametoka mbali.

Nikamwambia pole.

Akasema, "Pole ya nini, Mama Mbu? Friji ninayo. Ipo ndani, mpya, imefunikwa kitambaa. Nasikia wewe ndiye uliyesema umeme unaleta mbu."

"Sikusema hivyo."

"Basi wamekusingizia," akasema. "Kawaambie." Akaendelea kumwaga.

Nesi huyo na Mama wanakaa benchi moja kanisani Jumapili. Jana nimerudi kutoka mitegoni nikakuta mtego wa chumbani kwa Mama umeteremshwa na kuwekwa mlangoni kwangu, kamba imekunjwa vizuri. Chakula alinipakulia kama kawaida. Tukala. Alichosema ni kwamba chumvi imezidi, na haikuwa imezidi.

Umeniuliza habari za sisimizi. Sisimizi ni sisimizi. Mimi uliniomba balbu nikakutumia. Ulifanya nayo nini?

Dada yako

*

4 Juni

Dada,

Leo sina utani.

Nilichukua tanki la kioo la samaki, nikaliosha, nikaweka mashine yetu ndani na kuziba kila upenyo kwa gundi. Hakuna mdudu aliyekuwemo, hata wa dawa. Nje ya kioo nikawasha balbu yako. Mashine ikanyamaza. Nikafurahi, nikataka kwenda kula. Kisha nikakumbuka kwamba umeme wa huko kwenu jioni si kama wa hapa. Kila mtu anawasha kwa pamoja na volteji inazama. Nikaishusha volteji taratibu mpaka balbu ikaanza kuchoka, na mashine ikaanza. Tik, tik, tik. Ilihesabu mbu ndani ya tanki tupu mpaka nilipozima taa.

Balbu za namna ile zinapepesa. Jicho halioni, ni haraka mno, lakini mashine inaona. Umeme ukiwa mzuri zinapepesa kwa utaratibu na mashine inajua kupuuza. Umeme ukilegea, kupepesa kunachafuka, mitetemo midogo inapanda juu ya mitetemo, na mmojawapo unaangukia palepale anapopiga mbu mabawa. Na saa ya umeme kulegea ndiyo saa ya mbu kutoka. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, si wewe wala Profesa. Jioni mbu wanatarajiwa.

Nilipoibuni nilifanya kila kitu kuzuia kelele za umeme zisiingie kupitia kwenye waya. Mtego unatumia betri yake peke yake. Haikunijia kwamba zinaweza kuingia kupitia kwenye mwanga. Tuliijaribu gizani uwanjani, na hapa karakana ambako umeme ni mzuri. Nani angejaribu mtego wa mbu kwa balbu mbovu na umeme mbovu? Mtu anayeijua nyumba ya watu. Mimi nimekulia nyumba ya watu.

Hili nimelijua tangu katikati ya Aprili. Nilimwonyesha mkuu wa karakana. Aliliangalia tanki kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimemwambia mtu, kisha akasema tusubiri ajira yangu ipite, mambo haya yanahitaji uangalifu. Nikasubiri. Nilijiambia huenda mbu wapo kweli na taa imeongezea tu. Bado yawezekana. Tanki langu haliwezi kusema mbu wa huko ni wangapi. Mifuko ndiyo inayojua, na mifuko unayo wewe.

Ndani ya bahasha nimeweka maelezo ya jaribio na sahihi yangu. Yatumie unavyoona. Nimempa mkuu nakala leo asubuhi. Chai haikuja.

Fyuzi

*

19 Juni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Ameanza tena kusema nami mambo ya kawaida, yaani kunilaumu kwa sufuria.

Nyumba za chini peke yake. Hilo ndilo jibu la swali lako la Mei.

Tangu Februari nilikuwa nikishusha mifuko ya nyumba zenye taa naikuta karibu mitupu, wakati mashine imehesabu mbu wa kujaza kikombe. Mifuko ya huku juu ilikuwa na mbu kiasi kilekile mashine ilichosema. Nikaandika daftarini kwamba ni sisimizi. Sisimizi huwa wanakula mbu mtegoni, kila mtu wa kazi hii anajua, wala si uongo kuwaandika. Mara mbili niliwaona kweli kwenye kamba. Mara nyingine zote niliwaandika bila kuwaona, kwa sababu sikuona kitu kingine cha kuandika. Uliponiuliza wanaingia nyumba zipi, nilikaa na barua yako kitandani nikiwa na hasira nawe.

Barua yako ya tanki ilipofika nilikwenda kwa fundi baiskeli nikaomba grisi. Nikapaka kamba zote, juu na chini, sisimizi hapiti kwenye grisi. Nikawaita wale kina dada wahesabuji. Walikuja bila kuuliza nani atawalipa, na mmoja akasema, "Tulijua mashine itatukumbuka." Tukakaa mezani na vibano kama zamani, wiki nzima. Mbu wa nyumba za taa na wa nyumba za giza ni walewale, wachache wakizidi huku, wachache kule. Sisimizi hakuna hata mmoja.

Nilimpigia Profesa kutoka dukani. Alinisikiliza. Akasema ni jambo zito na tutaliwekea maelezo kwenye taarifa ya mwaka. Taarifa ya mwaka hutoka Desemba. Nikamwambia nguzo zinaondoka mwisho wa mwezi huu. Akasema, "Sisi si watu wa nguzo." Nikasema laini hiyo tumeisimamisha sisi. Akasema mkataba wangu unaisha Agosti na angependa tuumalize vizuri. Alisema kwa huruma, nadhani. Naye amechoka, ana picha zile ukutani sehemu nyingi sasa.

Basi nikapanda gari na Breki bila ruhusa. Njiani aliniuliza kama nimetumwa. Nikasema hapana. Akaendesha upesi, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza.

Mganga mkuu alisoma karatasi yako na yangu akiwa amesimama. Akamwita yule bwana wa umeme, ofisi zao zinatazamana. Akaja na kikombe chake.

"Kwa hiyo mbu hawapendi taa?" akauliza.

"Hawajali."

"Lakini Machi walikuwa wanazipenda."

"Machi tulikosea. Mashine ilikuwa inahesabu taa."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mama Mbu, unajua umeniweka wapi? Nguzo zile nimeshaziandikia kwenda kwingine. Ulisimamisha laini kwa picha moja ukutani. Kuirudisha ni kikao."

"Kiitishe."

"Mwenye kuitisha ni Profesa wako au mganga mkuu."

Tukamwangalia mganga mkuu wote wawili. Alikuwa bado anasoma karatasi yako, sehemu ya tanki. Akauliza, "Huyu aliyejaribu ni nani?" Nikasema ni mtengenezaji wa mashine. "Na anasema mwenyewe kwamba imekosea?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. "Basi kikao Jumatano," akasema. "Na safari hii ukiwepo, nyoosha mkono."

Alikuwa ameniona Machi, kumbe.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama yote, tangu mwanzo, pamoja na ile siku nilipomshikia kibatari akiwalaani. Alisikiliza huku anachambua mchele. Akaniuliza kama Fyuzi atafukuzwa. Nikasema sijui. Asubuhi nikakuta mtego haupo mlangoni kwangu. Ameurudisha mwenyewe chumbani, juu ya kitanda. Bila shaka kwa kigoda.

Dada yako

*

12 Julai

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama sijafukuzwa. Nimebaki kibarua, mkataba wa mwezi kwa mwezi, na meza yangu imesogezwa karibu na choo. Nafasi ya ajira amepewa kijana mwingine, mzuri, hana kosa. Mitego iliyokuwa iagizwe haijaagizwa. Mkuu anapita bila kunitazama, lakini juzi aliniachia mezani funguo za chumba cha vifaa, sijui ni amani au amesahau.

Nimetengeneza kifuniko cheusi cha mdomo wa mtego, mwanga wa nje usiingie. Ni kipande cha bomba la plastiki na rangi. Kazi ya nusu saa. Nimekaa nacho mkononi muda mrefu kuliko nilivyokaa kukitengeneza.

Kikao kilikwendaje? Breki alisema tu "alinyoosha mkono". Sikuthubutu kumwuliza zaidi, alikuwa anafunga boneti.

Mashine ya mvuke ya Mama bado ninayo hapa chini ya meza. Nimpe Breki ailete, au bado haina pa kuchomekwa?

Fyuzi

*

23 Oktoba

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa, safari hii zamu yangu. Mama hajambo, kwa kadiri ya umri. Mimi sina kazi tangu Agosti. Profesa aliniandikia barua nzuri ya kunitambulisha, ndefu, ambayo haitaji mbu hata mara moja. Asubuhi namsaidia nesi wa zahanati kuandikisha kadi za watoto. Halipi. Ananiita Mama Mbu bado, lakini sasa ananitengea kiti.

Kikao kilichukua asubuhi nzima. Nilisema kwamba tulikosea, nikasema tulivyokosea, nikasema nani amegundua. Mtu mmoja aliuliza kama sasa inamaanisha umeme unafukuza mbu. Nikasema hapana. Wakaandika kwamba laini iendelee. Nusu ya nguzo zilikuwa zimeshapakiwa kwenye lori siku moja kabla, basi hizo ziliondoka, na ilibidi kungoja nyingine. Walianza kuchimba Septemba. Friji ya zahanati iliwaka wiki mbili zilizopita. Nesi alikaa mbele yake na mkono juu ya mlango, anasema alikuwa anasikiliza kama inapumua.

Kwetu wamefika juzi, nyumba ya mwisho. Fundi aliunganisha mchana akaondoka. Mama hakuwasha. Alisema taa ya mchana ni majivuno. Akapika, akaoga, akavaa, na jua lilipozama akaenda kwenye swichi kama kila siku na kuibonyeza kama kila siku, na ikawaka. Hakupiga kelele. Alirudisha mkono mfukoni kama mtu aliyegusa kitu cha wenyewe.

Tulikaa chumbani kwake tukiitazama. Balbu ile ni mbaya, Fyuzi, ina wekundu fulani. Baadaye majirani wote nao wakawa wamewasha, mwanga ukazama kidogo, na mtego wako juu ya kitanda, ambao hakuna aliyekuja kuuchukua baada ya mradi na betri yake bado ina nguvu, ukaanza. Tik. Tik. Tik-tik-tik.

Mama akaruka. "Haya! Si nilisema? Wameingia nao."

Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha mfuko, nikaufungua mbele yake. Alikuwamo mbu mmoja, wa zamani, mkavu. Akaugeuza mfuko nje ndani, akautikisa. Mashine juu bado inahesabu.

"Sasa inahesabu nini?"

"Hiyo taa yako."

Akaiangalia balbu, akaiangalia mashine, akaiangalia balbu tena.

"Mwandikie mdogo wako," akasema. "Mwambie taa ni moja tu."

Nami nimekuandikia. Ile mashine ya mvuke mpe Breki ailete. Pa kuchomeka papo.

Dada yako